Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Studio Yetu, Filamu Zetu na Kanda Zenu

Je, bado mnayo kanda ya harusi yetu?

Tunaanza na hili kwa sababu ndilo swali namba moja. Ya filamu yanafuata kwa mbali. Kama harusi yako ilirekodiwa enzi za MiniDV, zile kanda ndogo za kidijitali, huenda tunayo. Kama ni ya VHS, zile kanda kubwa za zamani, nakala uliyokabidhiwa wewe huenda ndiyo pekee iliyobaki duniani, kwa hiyo soma jibu la mwisho kabisa kabla hujaigusa. Njoo na majina ya maharusi, kanisa au msikiti, na ukumbi. Usije na tarehe peke yake, maana Jumamosi moja ya Agosti hapa Mbeya ina harusi nyingi kuliko kumbi.

Studio ilianzaje?

Ilianza kama chumba cha kupigia picha za pasipoti Mwanjelwa: pazia la bluu, kigoda, kioo cha kuchania nywele, na kamera moja ya VHS ya kubeba begani iliyonunuliwa mkono wa pili. Hakuna aliyetamka siku hiyo kwamba tunafungua studio ya filamu za makala. Mtu akisema video mjini hapa alikuwa na maana mbili tu. Ama kibanda chenye mabenchi, filamu ya kivita na jamaa anayetafsiri kwa sauti kubwa kuliko bunduki zenyewe, ama harusi. Sisi tulikaa upande wa harusi.

Kuhariri wakati huo kulikuwa kuunganisha deki mbili. Unabonyeza hii icheze, unabonyeza ile irekodi, na kila ukirudufu picha inafifia, mpaka nakala ya shangazi wa mwisho inaonyesha bibi harusi kama mzimu. Kamera za MiniDV zilitoka mwaka 1995, zikachukua miaka kadhaa kutufikia, na ndizo zilizobadilisha kila kitu. Kanda ndogo ya dakika 60 inaingia kwenye kompyuta kwa waya bila picha kupungua ubora. Ila saa moja ya kanda ilichukua saa nzima kuingia, ikameza takriban gigabaiti 13. Kompyuta yetu ya kwanza ilikuwa na gigabaiti 40. Kanda tatu, imeshiba. Unamaliza harusi ya watu, unafuta, unaingiza nyingine. Mgao wa umeme wa mwaka 2006 ulipopamba moto tukahariri usiku wa manane, saa umeme unaporudi, na mlinzi wa jengo akawa ndiye mtazamaji wetu wa kwanza.

Filamu yenu ya kwanza ya makala ilikuwa ipi?

Ya mzee mmoja wa Makambako, mjomba wa bibi harusi. Tulikuwa tumemaliza sherehe usiku. Asubuhi Hiace ya kukodi ikagoma kuwaka, fundi akaagizwa kutoka Njombe, nasi tukabaki uani tunangoja. Mzee akatoa kigoda chake juani, akaanza kuwasimulia watoto jinsi walivyopasua mwamba kupitisha reli. Tulikuwa na kanda moja tupu. Tukamwomba turekodi, akasema sawa, lakini avae kwanza. Akaingia ndani, akatoka na koti la suti na kofia ya chuma ya kazini, rangi imebanduka upande wa kulia. Akaiweka sawasawa kwa mikono miwili kama padri anavyoweka kikombe, ndipo akaanza upya, tangu mwanzo. Watoto wakalalamika kwamba hiyo wameshaisikia.

Reli ya TAZARA ina kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, ikakabidhiwa rasmi 1976. Kipande kigumu kuliko vyote kilikuwa Mlimba hadi Makambako, pale reli inapopanda kutoka bonde la Kilombero kuja nyanda za juu, mahandaki na madaraja yakifuatana. Picha za enzi hizo unazozijua zinaonyesha viongozi na bendera. Mzee yeye alizungumzia mahema yanayovuja, mchele usio na chumvi, maneno ya Kichina aliyoyajua ambayo yote yalihusu vifaa, na mwenzake waliyemzika huko huko njiani. Kanda ikaisha, yeye akaendelea. Filamu yenyewe haikufika nusu saa, na mpaka leo ndiyo inayoombwa zaidi.

Kwa hiyo ninyi ni watu wa harusi au watu wa filamu?

Ni watu wa harusi wanaotengeneza filamu. Vijana wanaotoka vyuoni hawapendi kusikia hivyo, lakini ukweli uko kwenye daftari la mapato: harusi, sendofu, kipaimara, ubarikio, mahafali ya shule. Hizo ndizo zinazolipa pango, zinazonunua betri, zinazotutoa kwenda Chunya au Makete kukaa na watu bila kuharakishwa.

Na harusi ni shule. Pete haivishwi mara mbili kwa ajili ya kamera. Ukumbi una taa za rangi zinazozunguka, spika inapiga kifuani, kamati inapita mbele ya lenzi na makreti ya soda, na wewe una nafasi moja tu ya kumnasa baba mtu anapofuta machozi akijifanya anafuta jasho. Aliyeweza hapo, mkutano wa kijiji ataumudu.

Nani anawalipa? Nani anaamua filamu isemeje?

Fedha za harusi zinalipia filamu zetu. Fedha za mashirika zinalipia filamu za mashirika, zenye nembo yao mwanzo na mwisho, na tunaziita matangazo hata kama wao wanaziita makala. Hatuchanganyi mifuko hiyo miwili. Uhuru wetu wote umekaa hapo.

Tulijifunza umuhimu wake kwenye mradi mmoja wa maji. Shirika lililotutuma halina haja ya kutajwa. Tulifika kijijini tukakuta pampu imekufa zamani, nyasi zimeota hadi kwenye bomba, na akina mama wanashuka mtoni na ndoo kama walivyokuwa wakishuka kabla ya mradi. Tukapiga hicho tulichokikuta. Ofisa akataka tutumie picha za siku ya uzinduzi, siku maji yalipotoka na mgeni rasmi akanywa. Tukarudisha malipo ya awali, tukabaki na picha zetu. Tuliweza kwa sababu juma lile lile tulikuwa na sendofu na harusi yake. Bwana harusi hana haja ya kukwambia ufute pampu.

Kabla yenu hakukuwa na filamu za makala nchini?

Zilikuwepo, tena zamani, ila karibu zote zilikuwa za mtu anayetaka kukufundisha kitu. Kati ya 1935 na 1937, mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment ulikuwa na makao Vugiri, milima ya Usambara. Uliongozwa na Waingereza wawili, Notcutt na Latham, kwa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani. Walitengeneza filamu zipatazo 35 za milimita 16 na kuzizungusha kwa lori Afrika Mashariki hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mada ni kilimo, afya, kuweka akiba posta. Sauti ilikuwa kwenye santuri inayochezwa sambamba na picha, kwa hiyo lori likitikisika barabarani na santuri ikapata mkwaruzo, kazi imeharibika.

Baada ya uhuru serikali ikaanzisha Tanzania Film Company mwaka 1968, na Taasisi ya Picha na Sauti katikati ya miaka ya 1970. Kazi nzuri ilifanyika, lakini filamu ya selulosi ni mali ya taasisi. Mkanda mmoja wa milimita 16 wenye futi 400 unakupa dakika 11 tu, kisha unahitaji maabara. Mtu wa Tukuyu angeanzia wapi? Televisheni nayo ilichelewa. Zanzibar ilikuwa na ya rangi tangu miaka ya 1970, huku Bara ikingoja hadi 1994 vituo binafsi vilipofunguliwa, na ile ya taifa ikaja 2000. Studio ndogo za mikoani kama yetu ni watoto wa kamera ya bei nafuu. Siasa ya filamu haikutuzaa.

Kwa nini filamu zenu hazina sauti ya msimulizi?

Sababu ni Flora M'mbugu-Schelling. Mwaka 1992 alitengeneza filamu ya dakika 45 iitwayo *These Hands*, kuhusu wanawake wakimbizi kutoka Msumbiji wanaoponda kokoto Kunduchi, Dar es Salaam. Hakuna anayekueleza uhisi nini. Nyundo inapiga, jiwe linapasuka, mtoto anachezea vumbi, na wewe unakaa hapo mpaka mkono wako mwenyewe unaanza kuuma. Tuliiona kwa kuchelewa sana, kwenye nakala iliyochoka, na siku hiyo tukaacha kuajiri watangazaji wenye sauti nzito. Kwa filamu ya makala ya Kitanzania, kwa maoni yetu, bado haijapata wa kuipita.

Mbona hamkuhamia Dar es Salaam?

Watu wetu wako huku.

Kwa nini kwenye filamu zenu kila mara kuna tope na ukungu?

Hili huulizwa kwa utani, ila lina jibu la maana. Mwanga mzuri wa nyanda za juu ni wa Juni hadi Oktoba: anga safi, baridi, vivuli virefu. Ndiyo miezi ya harusi. Watu wamevuna, wana fedha, na ndugu wa Dar wako likizo. Harusi zinapungua lini? Kwaresima. Na Kwaresima huku kwetu iko katikati ya masika, milima ya Rungwe haionekani na barabara ya kwenda vijijini imegeuka uji. Kwa hiyo tukiwa na fedha hatuna muda, tukiwa na muda hatuoni mbali. Tukazoea. Mfano mashamba ya chai ya Mufindi tumeyapiga karibu yote yakiwa ndani ya ukungu, na wakosoaji wakasifu uamuzi wetu wa kisanii.

Adui mkubwa kuliko tope ni bati. Mvua ikianza wakati wa mahojiano ndani ya nyumba ya bati, funga kamera, omba chai. Hakuna maikrofoni inayoshinda bati la Tukuyu. Adui mwingine ni kuvu ndani ya lenzi, inayoota kama utando wa buibui usipoangalia. Lenzi zetu hulala kwenye sanduku la plastiki lenye balbu ndogo inayowaka, na mgeni akiingia ofisini hudhani tunaatamia vifaranga.

Mnapataje ruhusa ya kupiga picha vijijini?

Kuna ruhusa za karatasi na kuna ruhusa ya watu. Za karatasi: kibali cha Bodi ya Filamu, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 kama ilivyorekebishwa. Hifadhi za taifa kama Ruaha na Kitulo zina utaratibu wake. Kamera ya kuruka inahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na usijaribu kuirusha kwanza ukaomba baadaye. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, hata sura ya mtu na sauti yake tunazitunza kwa uangalifu zaidi kuliko zamani.

Ruhusa ya watu inaanzia kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji, kisha kwa mwenye nyumba. Unaingia na shikamoo, kamera iko ndani ya begi. Upande wa Iringa na Njombe anza na kamwene, utaona bega la mzee linashuka. Siku ya kwanza hatupigi chochote. Bibi mmoja wa Mufindi alimuuliza mpiga picha wetu kwa nini anaongea naye huku anatazama kioo, na tangu hapo anayeuliza maswali hashiki kamera, hukaa ubavuni mwa lenzi, usawa wa macho ya anayejibu.

Mnawalipa mnaowahoji?

Hatununui maneno, kwa kuwa aliyelipwa kusema atasema unachotaka. Lakini kwenda kwa mzee mikono mitupu ni utovu wa adabu: sukari, sabuni, mchele. Akipoteza siku ya kibarua kwa ajili yetu, tunamfidia siku hiyo. Wanaotuambia kwamba hata sukari ni rushwa hawajawahi kukaa sebuleni kwa mtu wa Ubena.

Je, mna filamu kuhusu Mkwawa?

Tunayo moja fupi, na yeye mwenyewe hayumo. Kila anayekuja Iringa na kamera anataka vita: Lugalo, Agosti 1891, kikosi cha Mjerumani Zelewski kikiangamizwa na Wahehe. Sisi tulitaka kujua nini kilitokea kichwa kiliporudi. Mkwawa alijiua 1898 asitiwe mikononi mwa Wajerumani, kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikirudishe ndani ya miezi 6. Ikawa miaka 35. Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, ndiye aliyekitafuta kwenye jumba la makumbusho la Bremen, na mwaka 1954 kikakabidhiwa kwa Wahehe. Kiko Kalenga, kama kilomita 15 kutoka mjini Iringa, ndani ya kabati la kioo. Filamu yetu inawasikiliza watu waliokuwa watoto siku hiyo ya 1954. Wanakumbuka umati, vumbi, na kunyamazishwa na mama zao.

Wanaouliza habari za Songea tunawaelekeza kwenye *The Empty Grave* ya Cece Mlay na Agnes Lisa Wegner, iliyoonyeshwa kwanza tamasha la Berlin mwaka 2024. Inafuata familia ya Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa 1906 wakati wa Maji Maji, wakitafuta kichwa chake mpaka leo. Tuliiangalia kwa wivu wa kitaaluma.

Lugha ya filamu ni ipi?

Anayoiota mzungumzaji. Kinyakyusa, Kihehe, Kisafwa, Kibena, na maandishi ya Kiswahili chini ya picha. Tafsiri hufanywa na mtu wa kijiji kile kile, akiwa na mzee mwingine pembeni wa kumrekebisha. Inachelewesha kazi kweli kweli.

Naziona wapi filamu zenu?

Kwanza zinaonekana pale zilipopigwa. Hiyo haina mjadala. Tunabeba projekta, shuka nyeupe, spika mbili na jenereta, tunalifunga shuka ukutani mwa ofisi ya kijiji au kanisa, na tunaonyesha kabla mtu mwingine yeyote hajaona. Mtu akitaka sehemu yake iondolewe, inaondolewa usiku huo huo. Imetokea. Baba mmoja wa Kyela aliomba tutoe maneno yake kuhusu mpaka wa shamba, jirani akiwa ameketi safu ya mbele, na kwa kweli filamu ikawa bora bila hayo.

Baada ya hapo huenda kwenye matamasha, hasa Zanzibar, ambako ZIFF imekuwa ikifanyika tangu 1998, halafu kwenye simu zenu.

Picha zenu za zamani za mji zinatoka wapi?

Harusini! Msafara wa maharusi hupita mjini, na mpiga picha anayening'inia dirishani hurekodi kila kinachopita. Ndiyo maana tuna soko la zamani la Mwanjelwa kabla halijaungua mwaka 2006: vibanda, matairi, wauza nyanya wanaopunga mkono, dakika nzima nyuma ya gari lililofungwa riboni. Aliyepiga alikuwa akitafuta mlango wa kanisa. Leo wanafunzi wa mipango miji wanaomba nakala ya kipande hicho, na wenye harusi, ambao tuliwauliza kwanza, wamekubali kwa furaha.

Ni hivyo hivyo kwa watu. Familia hurudi kutafuta sauti ya babu aliyefariki, nayo iko mle, kwenye nasaha za wazazi, sehemu ambayo wahariri wengi huikata kwa kuwa ni ndefu. Sisi hatuikati.

Nataka kuja kujifunza. Nije na nini?

Viatu vya mvua, na Jumamosi zako. Kamera tunazo. Utaanza kwa kubeba taa na kuandika lebo, na ukilalamika kwamba hukuja kujifunza harusi, rudi uone jibu la nne.

Nina kanda za zamani nyumbani. Nifanye nini?

Kwanza, usizijaribu kwenye deki. Hili tunalirudia kila siku na kila siku mtu anakuja na kanda iliyotafunwa jana yake, kwa kuwa alitaka tu kuhakikisha ni yenyewe. Deki iliyokaa miaka bila kutumika ina mpira uliokauka na vichwa vichafu.

Fungua kasha, tazama ubavu wa mkanda ulivyojiviringisha kupitia kidirisha. Ukiwa mweusi na unang'aa sawasawa, vizuri. Ukiona unga mweupe au madoa kama ya chokaa, hiyo ni kuvu, na huonekana sana kwenye kanda zilizotunzwa Rungwe na Kyela, chini ya kitanda au juu ya dari. Itenge na nyingine kwenye mfuko wake, maana inaambukiza: ukiicheza, deki inabeba kuvu na kuipaka kanda inayofuata. Usiifute kwa kitambaa, usiianike juani. Iweke wima mahali pakavu, mbali na spika kubwa na sumaku, na utuletee kama ilivyo. Tunaisafisha kwa mkono, kisha tunaicheza mara moja tu, ikinakiliwa papo hapo. Utaondoka na nakala kwenye diski yako, na kanda yenyewe pia. Ukituruhusu tubaki na nakala moja kwa ajili ya maktaba, kuna fomu ya ukurasa mmoja. Ukikataa, tunafuta mbele ya macho yako.